Nilienda kupanda treni, nikaishia kwenye ngazi

Jana nimefika stesheni ya St Pancras, London, saa nzima kabla ya treni. Nikasema ngoja nichungulie ile hoteli ya matofali mekundu iliyo mbele yake. Jamani! Kwa nje ungedhani ni kanisa kuu: minara, madirisha yaliyochongoka, mnara wa saa.

Ilifunguliwa 1873, kazi ya mbunifu George Gilbert Scott, kwa ajili ya abiria wa reli. Fahari yote hiyo, lakini vyumba havikuwa na bafu ndani! Hilo ni moja ya yaliyoiponza, ikafungwa 1935, ikageuzwa ofisi. Miaka ya 60 ilinusurika kubomolewa, mshairi John Betjeman akiwa mstari wa mbele kuitetea. Ikarudi kuwa hoteli 2011.

Mhudumu mmoja aliniruhusu nione ngazi kuu. Inaanza moja, inagawanyika mbili, zulia jekundu, ukuta mwekundu wenye nakshi za dhahabu. Nimeshika kile chuma cha pembeni, baridi kama barafu, shingo juu nikitazama dari.

Picha zangu zote zimetoka na ukungu. Na treni? Nimeikimbilia.