Siku moja kwenye mizani ya korosho

Saa 12 asubuhi nafungua ghala. Mimi ni karani wa mizani wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, na msimu wa korosho ukishaanza jina langu hubadilika: naitwa mwizi. Naweka jiwe la kilo 20, mizani inasoma 20.00. Nafuta vumbi kwenye stika ya Wakala wa Vipimo ili kila mtu aione. Saa 1 foleni imeshafika barabarani.

Hadi saa 4 ni kupandisha gunia, kusoma kwa sauti, kutoa kilo 1 ya gunia tupu (hiyo nayo hunitukanisha), kuandika, kushusha.

Kisha akaja mzee mmoja na daftari lake. Gunia la kwanza nikasoma, "Sitini na moja nukta sifuri tano." Yeye akaandika 61.5.

"Binti, umeninyima karibu nusu kilo."

"Hapana, baba. Kilo ina gramu 1,000. Sifuri tano ni gramu 50. Nusu ni gramu 500."

"Tano ni tano. Sifuri si kitu."

Nikarudia. Akarudia. Nyuma yake watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakimuunga mkono bila hata kujua ugomvi ni wa nini. Mwishowe nikamtuma kijana dukani alete sukari nusu kilo na pakiti ya chai ya gramu 50. Mizani ya kilo 150 haikutengenezwa kupimia chai, lakini ilisoma: 0.05. Tukaitoa, tukaweka sukari: 0.50. Mzee akaishika chai mkono huu, sukari mkono ule, akatazama kioo muda mrefu.

"Haya. Sasa hii sukari nani analipa?"

Nililipa mimi. Naye akataka magunia yake yote yapimwe upya. Yakapimwa, yakarudi vilevile.

Simlaumu sana. Walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika, humpimia mtu kwa bakuli, na bakuli likijaa unaliona. Nukta unasomewa na karani. Ila mwenye bakuli ndiye anayechagua ukubwa wake.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Sauti ilikauka, mgongo ukagoma, wali niliuacha ukapoa. Giza linaingia, lori la ghala kuu likawa limejaa: kilo 14,237.50. Dereva akaandika tani 14.

"Dada, huo mkia achana nao."

Mkia! Kilo 237 na nusu ni karibu magunia 3 ya kilo 80, na zikipotea njiani watakaodai malipo yake watakuja mlangoni kwangu, si kwake. Nikamrudishia karatasi aandike tani 14.2375. Akalalamika kwamba kisanduku ni kidogo.

"Andika tarakimu ndogo," nikamwambia, nikasimama palepale hadi alipomaliza.