Maji ya Arusha hayachemki kwa mia, waulize mayai yangu 40

Niseme mapema: mimi ni fundi cherehani. Miaka 22 niko Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na umeme niliokuwa naujua ni wa kuchomeka pasi. Kwa hiyo wanaponijia sasa kuniuliza mashine ya kutotolesha vifaranga niliinunua wapi, nawajibu kwa maringo yote: sikununua, nimeitengeneza kwa mikono hii. Yale mayai 40 niliyoyaua kwanza huwa siyataji. Leo nayataja, maana aliyenishauri vibaya bado yumo kwenye grupu la wafugaji na bado anashauri.

Jirani na kwangu kuna karakana ya jamii. Unalipa kitu kidogo kwa mwezi, unatumia drili, misumeno, mashine ya kuchomelea, hata ile printa ya 3D ambayo vijana huikodolea macho kama wanaangalia mpira. Sharti lao ni moja: hawakutengenezei. Wanakuonyesha chuma cha kulehemu kinashikwaje, kisha wanakuacha na moshi wako. Siku ya kwanza nilinuna, nikaona nimelipa ili nifanye kazi mwenyewe. Lakini nilimkuta baba mmoja anafunga mashine ya kupukuchulia mahindi kwenye fremu ya baiskeli, kijana anakivisha kiti cha magurudumu matairi ya baiskeli ili kihimili matope, na akina mama wawili wanaranda mbao za mizinga ya nyuki. Si jambo geni mjini hapa. Bernard Kiwia, aliyebuni chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, alianza kama fundi baiskeli Arusha hii hii. Nikajiambia, baiskeli ikichaji simu, globu itashindwaje kuangua yai?

Boksi nililipata kwa fundi friji. Friji ndogo ya soda, yenye mlango wa kioo, mashine yake ilishakufa siku nyingi. Aliniuzia kwa bei ya chuma chakavu, akanicheka. Acheke tu. Mwili wa friji una sponji ya kuzuia joto pande zote, kazi ambayo wenzangu wanahangaika nayo kwa plaiwudi na magodoro yaliyochanika. Feni niliitoa kwenye kompyuta mbovu. Themostati, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima globu kulingana na joto, ni ile ndogo ya W1209, kibao kisichozidi kiberiti, ina namba nyekundu na waya wenye ncha ya chuma wa kupimia joto. Niliiagiza Kariakoo ikaja kwa basi, elfu kumi na kitu pamoja na ada ya mzigo. Ukijumlisha na nyaya, globu, na soda nilizowanywesha watu, sidhani kama nilifika laki. Sikuandika.

Globu zenyewe zilinitia aibu. Nilinunua zile nyeupe za kisasa, nikaziwasha, nikakaa nusu saa nasubiri joto. Kijana wa zamu akapita, akazigusa kwa mkono mtupu, akaniambia, "Mama, hizi zimetengenezwa zisipate moto." Nikarudi dukani kutafuta zile za njano za zamani, za wati 40. Nilifunga mbili, ili moja ikiungua usiku nyingine ibaki kazini, nikazifunika kwa kopo la maziwa lililotobolewa. Kifaranga hahitaji mwanga, anahitaji joto.

Halafu ikaja C. Ukiibonyeza ile themostati kwa sekunde kadhaa inakuletea mipangilio yake: P0, P1, P2 mpaka P6. Kwenye P0 niliona imeandika C. Mimi na elimu yangu nikasema safi, hiyo ni Selsiasi, tuiache. Nikawasha. Friji ya baridi, globu zimezima. Nikaipasha ile ncha kwa kiganja, haikutosha. Nikaileta karibu na kikombe cha chai, globu zikawaka! Yaani ilikuwa inawasha joto pale tu penye joto. Nilibadilisha nyaya mara tatu, nikamlaumu fundi friji, nikailaumu Kariakoo nzima. Kumbe C ni ya kupoza, na ukitaka kupasha unaweka H. Siku nzima ya Jumamosi ilipotea kwa herufi moja. Na ukiwa hapo hapo, P1 huja ikiwa 2, maana yake joto linashuka digrii 2 nzima kabla globu hazijawaka tena. Ishushe iwe 0.2. Hilo niliambiwa, nikalishika.

Sasa mayai.

Shemeji yangu anafuga kuku Mbagala, Dar es Salaam, na kwenye grupu letu yeye ndiye profesa. Nilipotuma picha ya friji yangu akajibu kwa sauti ya dakika nne. Kwamba hizi themostati za bei rahisi zinadanganya, lazima uzisahihishe. Chemsha maji, tumbukiza ile ncha, isome 100. Isiposoma 100, nenda P4 uongeze kilichopungua. Watu wakampigia makofi. Nami nikaona ni maneno ya mtu aliyesoma.

Jumapili, nyumbani, bila kumwambia mtu wa karakana, nikabandika sufuria. Maji yakachemka mpaka yanaruka. Ncha ndani. Ikasoma 95. Nikaongeza mkaa. 95. Nikafunika sufuria, nikapepea jiko, nikasubiri kama anayesubiri basi la mwisho. 95, labda na nukta. Nikasema kweli shemeji ana akili, kifaa hiki kinadanganya kwa digrii 5! Nikaingia P4, nikaweka 5. Maji yakasoma 100 sawasawa. Nilifurahi, nikapiga picha, nikamtumia. Akanijibu kwa dole gumba.

Nikaweka mayai 40 ya kienyeji, yenye mbegu, niliyoyakusanya kwa majirani wawili kwa ahadi ya kugawana vifaranga. Themostati 37.7. Bakuli la maji chini kwa ajili ya unyevu. Kila yai nililiandika X upande mmoja na O upande wa pili kwa chaki yangu ya kushonea, nikawa nageuza mara tano kwa siku. Namba isiyogawanyika kwa mbili ni makusudi: kwa hiyo usiku mmoja yanalalia X na usiku unaofuata yanalalia O. Hiyo ni mbinu yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu, ingawa baadaye nimesikia watu wa zamani wote wanaijua.

Siku ya 7 nikayapiga tochi gizani. Ningepaswa kuona mishipa midogo kama mizizi. Niliona meupe matupu, na machache yakiwa na duara jekundu kama mtu kachora pete ndani. Nikamtumia shemeji. "Vuta subira, dada." Ile pete, kumbe, ni damu ya kifaranga aliyeanza akafa. Mimi nilivuta subira siku 16 zaidi. Siku ya 23 nikapasua moja kwenye karakana, nikiwa nimezungukwa na watu walioacha kazi zao waje kushuhudia. Sitaelezea harufu. Wale wa mizinga ya nyuki walikuwa mlangoni kabla sijafungua mdomo kuomba radhi.

Katika waliobaki kulikuwa na binti wa kidato cha pili, huja Jumamosi kujifunza kulehemu. Alisubiri watu watawanyike, maana ana adabu.

"Shikamoo mama. Naomba kuuliza, themostati uliisahihisha kwa kutumia nini?"

"Marahaba. Kwa maji yanayochemka, mwanangu. Kwa mia."

Akanyamaza kidogo. "Lakini mama, hapa kwetu maji hayachemki kwa mia."

Nilitaka kumfokea. Akanieleza polepole, kama mimi ndiye mtoto. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa haikandamizi maji kama inavyoyakandamiza pwani, kwa hiyo yanachemka mapema, kwenye 95 hivi. Sufuria ya shemeji Mbagala inafika 100 kwa sababu Mbagala iko karibu na bahari. Yangu haitafika hata nikichoma mkaa wa gunia zima.

Na mimi jambo hilo nilikuwa nalijua! Nalijua jikoni. Kila nikienda Dar maharage huiva upesi, nikirudi nyumbani yanakula mkaa mchana kutwa, nami miaka yote nilikuwa nalaumu maharage ya sokoni kwetu. Themostati haikuwa inadanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya. Ilipokuwa inasema 37.7, mayai yalikuwa kwenye 32 na kitu, yamewekwa mahali pa uvuguvugu yafe taratibu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba shahidi alikuwepo. Siku ya 3 niliwahi kuweka ndani kipimajoto cha homa cha mjukuu wangu, kile cha kidijitali cha duka la dawa, kikasoma 32.8. Nikakirudisha kabatini nikisema kimekufa betri. Sikilizeni wafugaji: kipimajoto cha homa kimetengenezwa kiwe sahihi pale pale kwenye 37 unapopahitaji. Ninyi mnachemsha maji ya nini?

Binti aliagiza barafu ya shilingi mia tano kwa muuza samaki. Tukaiponda, tukaongeza maji kidogo, tukakoroga. Barafu inayoyeyuka ni sifuri, uwe Mbagala au uwe mlimani. Themostati yangu ikasoma 5.3. Tukarudisha P4 kwenye sifuri, ikasoma 0.3. Nikaiacha hivyo.

Raundi ya pili niliweka mayai 30, mwezi Julai, na wanaoijua Julai ya Arusha wanajua nasema nini. Safari hii kipimajoto cha homa kililala katikati ya mayai. Nilitengeneza na trei inayoinama kushoto na kulia kama bembea, nimeifunga kwa lastiki ya viuno vya sketi. Unavuta kamba nje, mayai yote yanageuka bila kufungua mlango. Hapo karakana nzima ilikuja kutazama, na vijana wa printa ya 3D walikaa kimya. Kwa unyevu niliposhindwa kufikisha asilimia 55 kwa bakuli peke yake, nilitumbukiza vipande vya khanga kwenye maji na kuvining'iniza mbele ya feni. Mabaki ya kitambaa ninayo ya kugawa.

Siku ya 12, saa mbili usiku, umeme ukakatika. Nilijaza maji ya moto kwenye madumu mawili ya lita tano, si ya kuchemka maana dumu hujikunja, nikayaweka chini ya trei, nikaivisha friji shuka la Kimasai la baba watoto. Yeye alilala na koti. Kila saa nilibadilisha dumu moja. Umeme ulirudi saa nane usiku; joto halikuwahi kushuka chini ya 34.

Siku ya 18 unaacha kugeuza na unaongeza maji. Siku ya 20 jioni nikasikia mlio kutoka ndani ya ganda. Baba watoto akataka afungue awasaidie kumenya. Ukifungua unyevu unatoka, utando unakauka, kifaranga anakwama. Uzuri ni kwamba friji za soda zina kufuli: nilifunga nikaweka ufunguo kwenye sidiria, tukatazama kwa kioo mpaka alfajiri.

Manne hayakuwa na mbegu, moja lilikufa njiani, matatu hayakutoboa. Vifaranga 22. Majirani walichukua mgao wao na mmoja bado anadai wa raundi ya kwanza.

Picha nilimtumia shemeji. Akajibu, mbele ya grupu zima, kwamba si alisema tuvute subira. Binti naye kanitajia malipo yake: gauni la kipaimara na jogoo mmoja, tena kamchagua tayari, yule mwekundu anayechokonoa wenzake. Gauni nimeshakata. Jogoo bado anakua.