Akili Isiyo na Hisia Haijui Ichague Nini

Tunapokabiliwa na uamuzi mzito huwa tunaambiwa tuweke hisia kando na tutumie akili. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na una mizizi mirefu katika falsafa. Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale Plato, katika kitabu chake Phaedrus, aliifananisha roho na gari linalokokotwa na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, huku akili ikiwa ndiyo inayoshika hatamu. (Gari hilo lisingekwenda popote bila farasi, lakini sehemu hiyo wasomaji wengi huisahau.) Kutokana na picha hiyo wengi wetu tumeishia kuamini kwamba hisia ni nguvu tupu isiyojua lolote, na kwamba maarifa yote yako upande wa akili. Mimi naona imani hiyo ina kasoro.

Tuichukue hasira. Mtu anayedhani kwamba mwenzake amemdharau kwa makusudi hupandwa na hasira, lakini akielezwa kwamba jambo lenyewe lilitokea kwa bahati mbaya, na akayasadiki maelezo hayo, hasira yake hunywea. Kama hasira ingekuwa ni damu kuchemka tu, maelezo yasingeweza kuizima. Inazimika kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa na dai ndani yake: nimetendewa isivyo haki, na kilichoguswa kina thamani kwangu. Dai huweza kuwa kweli au uongo, na hapo ndipo akili inapopata kazi yake halisi, ambayo ni kulihoji dai hilo badala ya kulinyamazisha. Aristotle alilieleza vizuri zaidi kuliko yeyote ninayemfahamu, aliposema kwamba anayestahili sifa ni yule anayekasirika kwa sababu zinazofaa, dhidi ya watu wanaostahili, kwa namna, wakati na muda unaofaa. Tena hakumsifu asiyekasirika kabisa. Alimwona mtu huyo kuwa na upungufu.

Upande wa pili wa jambo hili una ushahidi wa kushangaza. Mwaka 1994 daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ambao akili zao zilipimwa na kuonekana timamu, ilhali hisia zao zilikuwa zimefifia. Mmoja wao, alipotakiwa kuchagua kati ya siku mbili za kurudi kliniki, alitumia karibu nusu saa akitaja sababu za kuikubali na kuikataa kila siku, bila kufikia uamuzi. Hoja zake zote zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kile kinachomfanya mtu aone kwamba hoja moja ina uzito na nyingine haina. Mwanafalsafa David Hume alikuwa amesema, katika kitabu alichokitoa kati ya 1739 na 1740, kwamba akili ni mtumwa wa mihemko na haipaswi kuwa vinginevyo. Namkubalia nusu: akili peke yake haitoi lengo. Nusu nyingine naikataa, kwa kuwa mtumwa asiyeruhusiwa kumhoji bwana wake asingeweza kuizima hasira niliyoitaja hapo juu.

Hata hivyo, zipo hisia zisizosikia hoja. Mtu anaweza kujua fika kwamba hakuna hatari, na bado mikono ikamtetemeka anaposimama mbele ya watu. Mwanafalsafa Spinoza, ambaye kitabu chake cha maadili kilichapishwa mwaka 1677, aliona kwamba mhemko hauwezi kuzuiwa ila na mhemko mwingine ulio kinyume chake na wenye nguvu zaidi. Katika maisha, jambo hilo lina maana kwamba anayeogopa kuzungumza hasaidiwi sana na takwimu za usalama. Humsaidia zaidi kulipenda jambo analotaka kulisema, na kulisema mara nyingi hadi mwili nao uzoee.

Huzuni ndiyo inayonipa shida zaidi. Seneca, Mstoa (yaani mfuasi wa falsafa ya kale iliyotaka akili izitawale hisia) aliyefundisha kwamba msiba usimzidi mtu nguvu, alimwandikia rafiki yake Lucilius barua akikiri kwamba alipofiwa na Annaeus Serenus alilia kupita kiasi, hata ikambidi ajihesabu miongoni mwa walioshindwa na huzuni. Alieleza kwamba ilikuwa hivyo kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba Serenus, aliyekuwa mdogo kwake, angetangulia kufa. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Kama hisia hubeba hukumu juu ya thamani ya vitu, basi machozi yale yalisema kwamba Serenus alikuwa mtu wa thamani kubwa mno kwake, na sioni ni hoja gani ya Kistoa ingeweza kuthibitisha kwamba yalikosea.