Bhel ya dagaa: nilivyoizuia isilegee

Bhel ni kachumbari ya barabarani ya Mumbai, India: mchele uliotutumuka kama bisi, viazi, vitunguu, nyanya na rojo ya ukwaju, vinachanganywa mbele ya mnunuzi na kuliwa papo hapo. Nilipoijaribu hapa Mwanza kutoka kitabu cha vitafunwa, mchele huo niliuacha, nikatumia krispi za muhogo na dagaa wa kukaanga. Ladha ilikubali mara ya kwanza. Kilichosumbua ni maji: baada ya dakika tano bakulini kila kitu kililegea.

Kazi yote inaanzia kwenye dagaa. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba chagua waliokaushwa juu ya chanja. Walioanikwa chini hubeba mchanga. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha na ukimkunja anakatika kach. Akiwa na rangi ya manjano tumboni na harufu ya mafuta yaliyochacha, mwache, hakuna kiungo kitakachomwokoa. Masika uwe makini zaidi, maana jua ni la kubahatisha na wengi hawakauki hadi ndani.

Kwa watu wanne, vikombe viwili vinatosha. Toa vichwa na matumbo, uchungu uko humo. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, haraka, na kila mara wainue dagaa kwa mkono uyaache maji kwenye beseni. Ukiyamwaga maji juu ya chujio, mchanga uliokwisha kutulia chini unawarudia. Waanike juani nusu saa, kisha kaanga kidogo kidogo kwenye mafuta ya moto yenye kina cha sentimita mbili. Mwanzoni mafuta yanatoa povu jingi. Povu likipungua, maji yameisha. Waopoe hapo hapo, wakiwa rangi ya dhahabu, kwa sababu wanaendelea kuiva hata nje ya kikaango. Wakishakuwa kahawia, ni wachungu.

Rojo: loweka ukwaju gramu 50 kwenye nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 15, kamua, chuja. Chemsha na vijiko viwili vya sukari guru, pilipili kichaa moja na bizari nzima iliyokaangwa kavu na kutwangwa, hadi ishike mgongo wa kijiko. Ipoe kabisa. Rojo nyepesi au ya moto ndiyo inayoua krispi.

Kitunguu kimoja kikate chembamba, kisugue kwa chumvi, suuza, kamua kwa nguvu. Nyanya mbili, toa mbegu na majimaji yake. Embe bichi nusu, kiazi kimoja cha kuchemsha kilichopoa, kotmiri, karanga za kukaanga robo kikombe.

Changanya mbogamboga na rojo kwanza, vijiko vinne tu. Onja ndipo uongeze chumvi, kwa kuwa kitunguu kimeshabeba yake. Walaji wakishakaa, mimina karanga, dagaa, na krispi vikombe viwili zilizovunjwa vipande vikubwa. Geuza mara tatu nne, si zaidi. Pakua kwenye pakacha za karatasi nyeupe, gazeti lina wino. Kamulia ndimu juu ya kila moja na uchomeke krispi nzima, hiyo ndiyo kijiko.