Viboksi vya sambusa visivyolowa mafuta

Zamani andazi la mtaani ulikuwa unafungiwa kwenye gazeti, ukifika nyumbani unakuta nusu ya habari ya Simba na Yanga imejichapa kwenye andazi, na tulikula hivyohivyo na wino wake. Sasa mi nilivyoanza kabiashara kangu ka sambusa nikasema hapana, nafunga kistaarabu, nikaenda Kariakoo nikachukua vile viboksi vya karatasi ambavyo mafuta hayapenyi hata vikilala usiku kucha, wateja wakasifia kweli.

Sikuwahi kujiuliza karatasi inawezaje kukataa mafuta. Kumbe nyingine zinatiwa kemikali za kundi la PFAS, yaani kaboni na florini zimeng'ang'aniana mpaka wanaziita kemikali za milele, zinaweza kuhamia kwenye chakula, hasa cha moto chenye mafuta (sambusa hiyo!), na baadhi zikishaingia mwilini zinakaa miaka, zimehusishwa na kolesteroli kupanda na saratani ya figo. Denmark walizipiga marufuku kwenye karatasi za chakula tangu Julai 2020. Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilitangaza Februari 2024 kwamba zile za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa vifungashio vya chakula, ingawa hapo kampuni ndo zilikubali kuacha zenyewe. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo cha kiasi cha PFAS kwenye vifungashio vya chakula, kuanzia 12 Agosti 2026.

Nikarudi kwa muuzaji. "Kaka, haya maboksi yana PFAS?" Akaniangalia kama nimekuja kumdai. "Dada, hii fudi gredi, ona alama," akanionyesha kale kapicha ka glasi na uma. Sasa kale kanasema tu boksi linaruhusiwa kugusa chakula, hakakwambii limepakwa nini. Katoni nayo nikaisoma pande zote, saizi na idadi, basi.

Mifuko ya plastiki hapa Tanzania ilipigwa marufuku Juni 2019 na watu tukanyooka, maana mfuko unauona mtaroni. Hii nitaionaje? Nilidondosha tone la mafuta kwenye boksi likabaki duara kama shanga, nikashtuka, lakini tone si kipimo cha maabara, na hata karatasi yenye plastiki kwa ndani mafuta hayaipenyi. Kwa hiyo msije mkaniambia muuza sambusa ndo ahakikishe, aliyetengeneza aandike kwenye katoni na cheti cha maabara kije na kontena bandarini.

Kwa sasa nafungia karatasi tupu, mbilimbili, na kuna mteja kashanilalamikia mkoba wake umelowa.