Malkia uliyemwokota ni nani? Anza na kiuno, rangi baadaye

Msimu wa sisimizi kuruka ukifika tu watu wananitumia picha, mtu kaokota malkia ukutani au chini ya taa, kampiga na simu mara moja kwa juu na hapohapo anataka jina kamili la spishi. Wengine wameshajijibu wenyewe, ni mweusi basi Lasius, ni mkubwa basi Camponotus (hayo ni majina ya jenasi, yaani kundi la spishi za karibu). Hili jambo linaniuma kweli manake jina likikosewa anayeumia ni yule malkia aliyewekwa kwenye tyubu, kile kibomba cha kumfugia mpaka aanzishe koloni, anaweza kufa njaa huku mwenye tyubu anaamini anamtunza vizuri kabisa.

Kwanza hakikisha ni sisimizi. Kumbikumbi nao wanatoka na mvua na wanadondosha mabawa vilevile, ila hao ni mchwa, ukoo mwingine kabisa. Kumbikumbi hana kiuno, mwili umeenda moja kwa moja, vipapasio vimenyooka na mabawa yote manne yanalingana. Sisimizi kiuno kimebanwa, kipapasio kina kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Halafu mwangalie kifua. Malkia kifua kimejaa, kimepanda juu kwa sababu ndani ndimo ilimokuwa misuli ya kurukia, na kama ameshavua mabawa utaona makovu pembeni pale yalipokuwa yameshika. Kifua chembamba bila makovu, uwezekano mkubwa umeokota kibarua mkubwa tu, yaani sisimizi mfanyakazi.

Sasa kiuno. Hapa usiwe na haraka, mgeuze tyubu mpaka umwone kwa ubavu na taa ikiwa nyuma yake, uhesabu vinundu kati ya kifua na tumbo. Viwili? Basi karibu kila mara uko kwenye Myrmicinae, kundi kubwa kuliko yote, humo ndimo wamo Pheidole, Messor, Solenopsis na Crematogaster. Crematogaster anajitaja mwenyewe, kinundu cha pili kimeshikana na tumbo kwa upande wa juu badala ya mbele, ndiyo maana akishtuka anaweza kulikunja tumbo mpaka juu ya mgongo, na ukishaiona hiyo mara moja hutamchanganya tena na mwingine.

Kinundu kimoja ndo kuna kazi zaidi. Nenda kwenye ncha ya tumbo na lenzi. Ukiona kitundu kidogo cha mviringo kimezungukwa na vinywele, hicho ndicho kinachotoa asidi, na huyo ni wa Formicinae, yaani kina Camponotus, Lasius, Formica. Kama hakuna kitundu wala vinywele, ni mpasuko tu umelala, fikiria Dolichoderinae. Na kama tumbo lenyewe lina mbano baada ya pingili ya kwanza, mwili mrefu na mwiba wa kuchoma upo, huyo anaelekea Ponerinae. Camponotus ana alama nyingine ninayoipenda sana, ukimtazama usoni utaona mashina ya vipapasio yamekaa juu kidogo, hayagusi ukingo wa lile bamba la juu ya mdomo, wakati kwa Lasius yako karibu nalo sana.

Rangi iache mwisho. Aliyetoka kwenye kifukofuko juzi bado amepauka, na ndani ya spishi moja unaweza kupata mwekundu na mweusi.

Picha piga tatu, uso, ubavu na mgongo. AntWeb, ile tovuti ya picha za sisimizi, nao kila sisimizi wanampiga hivyohivyo, kwa hiyo unaweza kulinganisha moja kwa moja bila kukisia. Weka karatasi ya milimita chini ya tyubu, "mkubwa kiasi" haimsaidii mtu. Kama hatulii mweke kwenye friji dakika chache tu, atapunguza mwendo. Na andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ulimkuta na mabawa au bila, kwa sababu spishi nyingi zina saa zake za kuruka na hiyo peke yake inaweza kufuta nusu ya majina uliyokuwa unayawaza.

Mbona nakazania hivi? Kwa sababu ya chakula. Malkia wa Camponotus, Lasius niger, Pheidole na Messor kwa kawaida wanajifungia, hawali chochote mpaka vibarua wa kwanza watoke, wanaishi kwa akiba ya mwilini na ile misuli ya mabawa ambayo haina kazi tena. Ukimfungulia kila siku umlishe unamsumbua tu na anaweza kula mayai yake. Lakini wengi wa Ponerinae wanatoka kuwinda hata wakiwa peke yao, huyo ukimfungia na pamba na maji tu umemuua. Na wapo vimelea kama Lasius umbratus, kichwa kipana kuliko ulivyotegemea, ambaye bila vibarua wa Lasius wengine hawezi kuanzisha koloni kabisa. Na ni uhai mrefu tunaouzungumzia, malkia mmoja wa Lasius niger aliishi kifungoni zaidi ya miaka 28.

Kwa hiyo jenasi tu inatosha kuanzia. Spishi zilizoelezwa ni zaidi ya 14,000 na funguo nyingi za kuzitambua zimeandikwa kwa kutazama vibarua, wakati malkia, dume na kibarua wa spishi moja wanaweza wasifanane hata kidogo. Linnaeus mwenyewe, baba wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1764 alipopata dume wa siafu alimwandika kama nyigu, leo tunamjua kama Dorylus helvolus. Andika "Camponotus sp.", yaani Camponotus ambaye spishi yake bado haijajulikana, kwenye tyubu na usubiri vibarua, tena hata wale wa kwanza huwa vidogo kuliko kawaida, wale wenye vichwa vikubwa wa Pheidole mara nyingi wanachelewa, kwa hiyo usipime chochote kwa kundi hilo la mwanzo.

Na kama hata jenasi imekushinda na hujui anakula au hali, mwekee kipande kidogo sana cha mdudu aliyekufa jioni. Asubuhi ukikuta hajakigusa kitoe kabla hakijaota ukungu, mfunike giza, umwache siku kadhaa ndo ujaribu tena.