Shamba la baba mdogo kule Chunya, na udongo uliozikwa

Juzi nimerudi Mbeya kutoka Chunya, nikasema leo lazima niandike hii maana inanikaa moyoni. Ni lile shamba la baba mdogo upande wa Makongolosi, walipochimba dhahabu ya juu juu kwa katapila, walipomaliza wakaondoka, wakatuachia mashimo na milundo ya kifusi.

Lupa yote, lile eneo la dhahabu la Chunya, inachimbwa tangu miaka ya 1920 kwa hiyo makovu kule ni mengi, kuna sehemu unapita unaona kokoto tupu na kifusi kilichokaa miaka na miaka bila hata nyasi ya kulisha mbuzi.

Sisi mwaka wa kwanza tulikosea. Tulinunua miche 120 ya mikaratusi, tukapanda Januari mvua zimekolea, tukaona tumemaliza kazi. Kule mvua Aprili zimeisha mpaka Novemba mwishoni au Desemba ndo zinarudi, sasa kufika Septemba ilikuwa imebaki kama kumi hivi, nayo imesinyaa. Baba mdogo alisema ardhi imekufa. Haijakufa jamani, imezikwa! Katapila linaanza kukwangua ule udongo mweusi wa juu, linautupa pembeni, halafu yote yanayotoka chini yanamwagwa juu yake, kwa hiyo mbegu, mizizi, mboji, vyote viko chini kabisa na juu kuna udongo mwekundu usio na kitu, mvua ikipiga unagandamana kama sakafu na maji yanakimbilia korongoni.

Kilichonifumbua macho ni kona moja ambayo kifusi kilikuwa chembamba. Pale visiki vya miyombo, miti ya asili ya kule, vilichipua vyenyewe, hatukupanda kitu. Tukazuia mbuzi kwa miiba, tukapunguza machipukizi tukaacha mawili matatu yenye nguvu kila kisiki, ile wanayoita kisiki hai kule Dodoma, na sasa yamenipita kimo. Na mwaka huu uyoga umetoka pale! Mnaonunua uyoga wa porini barabarani mvua zikianza, mwingi wa ule unaishi na mizizi ya miyombo, unaisaidia kunyonya maji na chakula, ndo maana mti wa myombo ukiupeleka kwenye kifusi kitupu peke yake unateseka sana.

Kwingine tumefukua ule udongo mweusi kwa majembe, kazi ya kuvunja mgongo, tukautandaza kwenye makinga maji ya nusu mwezi yanayotazama juu ya mteremko, samadi kidogo, kisha marejea (mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo) na mbaazi. Mbaazi imeshika vizuri. Ila palipooshwa marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, kwa sayanaidi, au palipotumika zebaki, msipande chakula kabisa hata pakionekana pamepona.

Jirani yetu kapata leseni, ameanza kuchimba mwezi wa kumi. Nilimfuata nikamwomba, kaka, udongo wa juu weka peke yake, lundo lisizidi kimo cha mtu, na ukimaliza shimo moja urudishe hapohapo usisubiri miaka maana ukikaa sana kwenye lundo mbegu zinaoza na uhai wake unaisha. Alikubali, ingawa dereva wa katapila alinung'unika kwamba mafuta yataongezeka. Juzi nimelipitia lile lundo, limeota nyasi lote, na shimo la kwanza wameshaanza kulifukia.